Kisima kinapogeuka chumvi: Jinsi dunia inavyopoteza maji matamu, na maana yake kwa Kwale

NA MWANDISHI WETU

MKAZI wa Diani au Msambweni anayetegemea kisima hahitaji maabara ili ajue kwamba maji yake yameanza kubadilika. Ulimi humwarifu kwanza. Chai huwa na ladha ambayo sukari haiwezi kuificha. Baadaye watoto huyakataa, na maji hayo huachiwa kazi ya kufua na kuosha vyombo. Hapo ndipo fedha za unga zinapoanza kugawanywa ili zinunue mitungi ya maji kwa mchuuzi wa mkokoteni.

Ajabu ni kwamba bahari haijasogea. Iko pale pale ilipokuwa, nyuma ya mwamba wa matumbawe, ikijaa na kupwa kama ilivyozoea. Je, chumvi imefikaje kisimani?

Jibu la swali hilo linaunganisha mambo mawili ambayo wanasayansi wamekuwa wakiyafuatilia kwa miongo kadhaa: kupungua kwa maji matamu katika nchi kavu duniani, na kubadilika kwa kiwango cha chumvi baharini. Mambo haya mawili hukutana pwani, na katika Kaunti ya Kwale hukutana mita chache tu chini ya nyayo za wakazi.

MIZANI YA MAJI DUNIANI

Maji yaliyo matamu ni takriban asilimia 2.5 tu ya maji yote duniani. Zaidi ya thuluthi mbili ya kiasi hicho yamegandia katika barafu za Antaktika, Grinlandi na milima mirefu. Takriban asilimia 30 yamo chini ya ardhi. Mito na maziwa tunayoyaona kwa macho ni sehemu ndogo mno, isiyofika hata asilimia moja ya maji hayo matamu.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuyapima maji ya ardhini kwa dunia nzima. Hali ilibadilika mwaka wa 2002, Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) na Ujerumani ziliporusha setilaiti mbili za GRACE. Setilaiti hizo zilifuatana angani, na kila zilipopita juu ya mahali penye uzito zaidi, nguvu ya mvutano ilibadilisha kidogo umbali kati yake. Kwa kuwa maji yana uzito, wataalamu waliweza kujua ni wapi yanaongezeka na ni wapi yanapungua, hata kama yamefichika chini ya miamba. Kazi ya setilaiti hizo ilikoma mwaka wa 2017, na nyingine mbili zikachukua nafasi yake mwaka wa 2018.

Mnamo Novemba 2024, watafiti wanaotumia vipimo hivyo walitangaza jambo la kushtua. Wastani wa maji matamu katika nchi kavu kati ya mwaka wa 2015 na 2023 ulikuwa chini ya ule wa 2002 hadi 2014 kwa kilomita za ujazo 1,200. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukielewa kiasi hicho kwa kukilinganisha na Ziwa Victoria: ni pungufu kidogo ya nusu ya maji yote yaliyomo katika ziwa hilo.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya binadamu wanaishi katika nchi 101 ambazo zimekuwa zikipoteza maji matamu tangu mwaka wa 2002. Chanzo kikubwa cha upotevu huo, nje ya maeneo ya barafu, ni maji ya ardhini yanayovutwa kwa pampu kwa kasi inayozidi ile ya mvua kuyarudisha.

Ni vyema kusema kwamba si kila mahali panapokauka. Ziwa Victoria lilifurika kupita kiasi mwaka wa 2020, na maziwa ya Bonde la Ufa kama vile Baringo na Naivasha yamemeza mashamba na nyumba. Hata hivyo, maji yaliyojaa Baringo hayamfai kitu mwanakijiji wa Msambweni. Maji ya ardhini ni mali ya mahali yalipo.

CHUMVI YA BAHARI

Maji yanayotoka nchi kavu hatimaye huishia baharini. Iwapo kilomita za ujazo 1,200 zingemwagwa zote katika bahari za dunia, usawa wake ungepanda kwa zaidi kidogo ya milimita tatu. Lakini chumvi ya bahari isingepungua kwa namna ambayo mtu angeweza kuitambua, kwa sababu kiasi hicho hakifiki hata sehemu moja katika milioni ya maji ya bahari. Hasara iliyo kubwa kwa nchi kavu ni kama tone kwa bahari.

Kinachobadilisha chumvi ya bahari kwa kiasi kikubwa ni mvua na jua. Kwa wastani, kila kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mahali ambapo jua huvukiza maji mengi na mvua ni haba, kama vile Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kiwango hicho hufika gramu 40 au zaidi. Mahali penye mvua nyingi na mito mikubwa, hushuka.

Dunia inapopata joto, hewa hubeba mvuke zaidi: takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo jua hunyonya zaidi katika sehemu kavu, na mvua humwagika zaidi katika sehemu zilizozoea mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, uliochunguza vipimo vya bahari kuanzia mwaka wa 1950 hadi 2000, ulibaini kwamba sehemu za bahari zenye chumvi nyingi zilizidi kuwa na chumvi, na zile zenye chumvi kidogo zikazidi kupoa. Kutokana na hayo, watafiti walikadiria kwamba mzunguko wa maji duniani ulikuwa umeongezeka nguvu kwa asilimia 4.

Bahari, kwa maneno mengine, ni kipimo cha mvua. Inatuambia kwamba mvua haigawanywi tena kama zamani: inapokuja huja kwa kishindo, na inapokosa hukosa kwa muda mrefu.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Kisima cha Kwale hakigeuki chumvi kwa sababu bahari imezidi kuwa na chumvi. Mabadiliko ya chumvi baharini ni ya sehemu ndogo za gramu kwa kilo, na maji yenye gramu 35 hayanyweki sawasawa na yale yenye gramu 35.2. Kisima hugeuka kwa sababu mpaka kati ya maji matamu na maji ya chumvi, ulio chini ya ardhi, umesogea.

MPAKA USIOONEKANA

Ardhi ya pwani ya kusini imepangika kama ngazi. Karibu na ufuo, kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni, kuna mwamba wa matumbawe ya kale, wenye mapango na nyufa tele. Nyuma yake kuna tabaka za mchanga. Kisha ardhi hupanda hadi Milima ya Shimba, yenye kimo cha takriban mita 400, ambayo miamba yake ni ya mchanga uliogandamana. Mvua inayonyesha juu ya milima na juu ya nyanda za mchanga huzama, kisha husafiri polepole chini ya ardhi kuelekea baharini.

Maji hayo matamu yanapokaribia ufuo hukutana na maji ya bahari yaliyopenya katika mwamba kutoka upande wa pili. Maji ya bahari ni mazito zaidi: lita 1,000 za maji matamu zina uzito wa kilo 1,000, ilhali kiasi hicho hicho cha maji ya bahari kina kilo 1,025 hivi. Kwa hiyo maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi.

Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walitambua kanuni ya jambo hili kila mmoja kwa wakati wake zaidi ya miaka 120 iliyopita. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Kanuni hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Habari njema ni kwamba kina kidogo cha maji juu kinaashiria hazina kubwa chini. Habari mbaya ni kwamba hesabu hiyo hufanya kazi kinyumenyume pia. Usawa wa maji ukishuka kwa sentimita 10 tu, upana wa kiganja, mpaka wa chumvi hatimaye huweza kupanda kwa mita nne. Katika hali halisi mambo hayawi sawasawa na kanuni, kwa kuwa maji hayo huchanganyika penye mpaka na nyufa za mwamba hufungua njia za mkato, lakini mwelekeo ni huo.

Wala haihitajiki chumvi nyingi kuharibu kisima. Glasi moja ya maji ya bahari, yaani robo lita, ikimiminwa katika mtungi wa lita 20 wa maji safi, huyafikisha karibu na kiwango ambacho watu wengi huanza kuonja chumvi.

NINI HUSUKUMA MPAKA?

Kuna mambo matatu makuu. La kwanza ni ukame. Mvua ya masika na ya vuli ndiyo inayojaza hazina ya ardhini. Katika ukame wa mwaka wa 2016 na 2017, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vikuu vya Oxford na Barcelona pamoja na washirika wao walikuwa wakipima visima vya Kwale chini ya mradi uliojulikana kama Gro for GooD. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba kiasi cha mvua kilichozama kujaza maji ya ardhini kilipungua kwa asilimia 69 kikilinganishwa na mwaka wa kawaida.

Watafiti hao waligundua pia kwamba hazina hiyo ina ustahimilivu. Haikuporomoka mara moja. Walionya, hata hivyo, kwamba ukame ukidumu kwa muda mrefu zaidi huku maji yakiendelea kuvutwa, maji ya bahari yatasonga ndani. Onyo hilo halikukaa muda mrefu bila kupata uzito: kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa kufikia kiwango chake katika Pembe ya Afrika na sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya.

Jambo la pili ni pampu. Mtu anayeteka kwa ndoo na kamba huchukua maji ya juu, kidogo kidogo, na kisima hupata nafasi ya kujirudi. Pampu za mkono za aina ya Afridev, ambazo ziliboreshwa na kufanyiwa majaribio Kwale katika miaka ya 1980 kisha zikaenea katika nchi nyingi za Afrika, hazitofautiani sana na hilo. Nguvu ya mkono ina kikomo chake.

Pampu ya umeme haichoki. Ikivuta kwa saa nyingi kutoka kisima kirefu, usawa wa maji hushuka pale penye bomba, na maji ya chumvi yaliyo chini hunyanyuka kuelekea bomba hilo kama kichuguu. Kwa sababu hiyo, kisima kirefu kilicho karibu na ufuo kinaweza kuharibika ilhali kisima kifupi cha jirani bado ni kitamu. Anayechimba zaidi akitafuta maji mengi aweza kuwa anaifuata chumvi yenyewe.

Tangu utalii ulipopanuka Diani na mji wa Ukunda ukakua, wanaovuta maji wameongezeka: hoteli, nyumba za kukodisha, mashamba na makazi. Visima vya Tiwi hulisha mabomba ya pwani ya kusini. Upande wa Msambweni, kilimo cha miwa kilifufuliwa, na uchimbaji wa madini ya titani, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka wa 2014 na kukoma Desemba 2024, ulitegemea bwawa lililojengwa kwenye Mto Mkurumudzi na visima vya akiba.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Kati ya mwaka wa 1901 na 2018, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Bahari ikipanda, mpaka wa chini hupandishwa pia.

SI KILA CHUMVI NI YA BAHARI

Kabla ya kuilaumu bahari, yafaa mtu achunguze. Katika mwamba wa matumbawe maji huyeyusha chokaa, na ndiyo sababu sabuni hukataa kutoa povu hata katika kisima kisicho na chumvi yoyote ya bahari. Maji hayo ni magumu lakini yanaweza kunyweka.

Huko bara, kuna miamba ambayo ina chumvi yake tangu mamilioni ya miaka iliyopita. Wanajiolojia waliita tabaka moja la miamba hiyo Maji ya Chumvi, kwa jina la mahali palipo kando ya reli ya Mombasa kuelekea Nairobi. Wenyeji walikuwa wamepapa mahali hapo jina la haki muda mrefu kabla ya wanasayansi kuwasili. Maji ya Mto Ramisi nayo yana chumvi inayotoka bara, wala si baharini.

Vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka yaliyochimbwa katika mwamba wenye nyufa huweza pia kuongeza chumvi kisimani, pamoja na vijidudu vya maradhi. Chumvi ya aina hiyo ni hatari zaidi kwa sababu ladha yake ni ndogo na madhara yake ni ya haraka.

NANI HUUMIA?

Mwenye hoteli ambaye kisima chake kimeharibika anaweza kununua mtambo wa kuchuja chumvi au kuagiza malori ya maji. Mjane mwenye kisima kimoja cha mikono hana njia hiyo. Kwa kuwa wote wanateka katika hazina moja iliyo chini ya ardhi, anayevuta zaidi anaweza kusababisha hasara itakayolipwa na anayevuta kidogo.

Afya nayo imo hatarini. Katika pwani ya Bangladesh, ambako maji ya visima na madimbwi yameingiliwa na chumvi, watafiti wamehusisha unywaji wa maji hayo na shinikizo la damu miongoni mwa kina mama waja wazito.

Hata bahari huhitaji maji matamu yanayochuruzika kutoka nchi kavu. Mikoko ya Gazi, ambako jamii imekuwa ikilinda msitu wake na kuuza hewa ya kaboni tangu mwaka wa 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hustawi mahali ambapo maji ya aina mbili huchanganyika. Maji ya ardhini yakizuiwa yote yasifike ufuoni, mvuvi na mfugaji wa nyuki wa mikokoni watahisi upungufu huo.

LA KUFANYA

Sheria ipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 iliunda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo kibali chake huhitajika kabla ya mtu kuchimba kisima kirefu na kuvuta maji kwa mashine. Faida ya kibali ni kwamba mtu fulani anahesabu. Kisima kisichosajiliwa hakina anayekihesabu.

Kupima ndiyo hatua ya kwanza. Kuna vifaa vidogo vinavyotoshea mkononi, ambavyo hutambua chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Shule au kamati ya maji ya kijiji ikipima kisima kile kile kila mwezi na kuandika daftarini, itaona chumvi ikipanda miezi kadhaa kabla ya ulimi kuionja. Katika muda huo bado inawezekana kupunguza saa za pampu, au kugawanya uvutaji kati ya visima kadhaa vifupi badala ya kimoja kirefu.

Hatua ya pili iko juu ya nyumba. Pwani ya kusini hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida. Paa la mabati lenye mita 50 za mraba huweza kukinga lita 40,000 hivi kwa mwaka hata baada ya kutoa moja kwa tano inayopotea. Hiyo ni mitungi 2,000 ya lita 20. Tatizo ni mahali pa kuyaweka, kwa kuwa mvua huja kwa misimu miwili na tangi ni ghali. Paa la makuti nalo halifai kwa kazi hii. Lakini shule, misikiti, makanisa na zahanati zina mapaa makubwa ambayo maji yake hutiririka bure barabarani kila masika.

Hatua ya tatu ni kuilinda ardhi inayopokea mvua. Msitu wa Milima ya Shimba na misitu ya kaya, ikiwemo Kaya Kinondo, huyapa maji muda wa kuzama. Ardhi iliyofunikwa kwa saruji huyafukuza yakimbilie baharini.

Kila hatua kati ya hizi ni nafuu ikilinganishwa na kungoja. Maji ya bahari yakishaingia katika mwamba, hayaondoki kwa kuzimwa pampu kwa wiki moja. Huondolewa na mvua ya miaka mingi, ikisukuma polepole kutoka milimani, iwapo mvua hiyo itakuja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kisima kilichoingiwa na chumvi huweza kurudi, ila aghalabu hurudi baada ya aliyekichimba kuwa mzee.